Injinia wa Ukoo

Wewe mwenzangu uliyeoa kwenye ukoo wenye mafundi utanielewa. Shemeji yangu, mdogo wake Mama Neema, tunamwita Injinia. Chuo hakukiona, ila ana simu yenye bando na boksi la spana, na kwa ukoo ule hiyo ni shahada tosha. Jumamosi akaja na plagi mpya nne na seti ya waya zake, akatangaza kwamba Corolla yetu, ile 110 ya mwaka 1998, inahitaji tyuni. Haikuwa na ugonjwa wowote. Lakini mtu akishafungua boneti huku dada yake anamtazama kwa fahari, wewe shika tochi unyamaze.

Kazi ikala siku nzima kwa sababu ya chai, kisha chapati, kisha mpira kwa jirani. Jioni gari likawaka. Likawaka na kutetemeka, usukani unacheza mikononi, na huko nyuma ekzosi inakohoa kama mzee wa ugoro. Kilima cha Kimara, tulichozoea kukipanda kwa gia ya tatu, kikawa cha gia ya kwanza na dua.

Gari linamisi, hilo halikuwa na ubishi. Kilichotugawa ni chanzo. Mama mkwe, ambaye moyoni namwita Jaji Mkuu, akahukumu akiwa mkekani: mafuta yamechakachuliwa. Nikajaribu kumweleza kwamba Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili watu waache kuyachanganya na mafuta ya magari. Akaniuliza tangu lini nauza mafuta. Mama Neema naye akasema ni maji ya kuoshea injini. "Mdogo wangu hawezi kukosea vitu vinne, Baba Neema." Nikakubali ni maji, ingawa injini ile haijaoshwa tangu masika ya mwaka juzi.

Jumapili Injinia akarudi. Kwanza akakagua waya kwenye distribyuta: injini ile huwasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukipishanisha waya mbili tu, umeharibu. Zilikuwa sawa. Akavaa glavu za mpira za dada yake za kuoshea vyombo, maana pale hupita volti zaidi ya 10,000, akawa anachomoa waya mmoja mmoja injini ikiunguruma. Wa kwanza, injini ikayumba karibu izime. Wa pili, vilevile. Wa tatu, haikushtuka hata kidogo. Basi maiti ilikuwa silinda ya tatu. Plagi yake ikatoka imelowa petroli: mafuta yanaingia, cheche ya kuyachoma hakuna. Akaihamishia silinda ya pili, na ugonjwa ukahamia huko huko. Waya ukaachiwa huru.

Hapo hata mimi nikasogeza tochi kwa hamu. Kwenye kauri nyeupe ya plagi palikuwa na ufa mwembamba, umechorwa weusi. Cheche ilikuwa inapita hapo njia ya mkato kwenda kwenye chuma, badala ya kuruka lile pengo la kama milimita 1 kule nchani. Plagi mpya haipasuki hivyo bure. Imeangushwa kwenye saruji.

Macho yote kwa Mzee. Mzee ana miaka mitatu, amerithi jina la marehemu babu yake, na Jaji Mkuu humwita "mume wangu". Wakati wa chapati alionekana barazani akirusha roketi. Nilipofungua tu mdomo, bibi akamvutia mapajani.

"Mume wangu asibughudhiwe. Plagi aliziacha chini nani?"

Aliyeziacha ni Injinia, lakini katika nyumba hii jibu hilo halina pa kupitia. Kesi ikamwangukia mshika tochi.

Maduka ya spea yameshafungwa. Ukombozi ukatoka kwenye kopo la biskuti la mama mkwe, kati ya vifungo, sindano na ufunguo wa nyumba tuliyohama zamani: plagi zetu kuukuu, zote nne. Chuma hakitupwi, akasema. Injinia akaipiga moja brashi, akaifunga, na injini ikatulia.

Injinia ameondoka na nauli, bakuli la pilau na shukrani za ukoo mzima. Mzee amerudishiwa roketi yake. Mimi nimeagizwa glavu mpya, maana zile zina grisi.