Bawabu wa Akili Afika Makebuko

"Waheshimiwa!" alianza mtaalamu, akakohoa mara tatu ingawa tayari palikuwa kimya. Jukwaa lake lilikuwa benchi la kilabu cha urwarwa, pombe ya ndizi, huko Makebuko, mkoani Gitega, Burundi. Shahada alijitunuku mwenyewe. Mada: umakini, na yale ambayo akili huyafanya mwenye akili asijue.

Akili, alitangaza, ni nyumba yenye mlango mmoja, na umakini ndiye bawabu. Asiyeruhusiwa haingii. Colin Cherry wa Uingereza, aliyelipima jambo hili mwaka 1953, alitajwa kama mtu aliyemtangulia mtaalamu kwa bahati tu. Cherry aliwavika watu visikilizio, kila sikio na maneno yake, akawataka wayarudie kwa sauti yale ya sikio moja. Maneno ya sikio la pili yalipogeuka kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani, wengi hawakutambua.

"Bawabu!" alinguruma mtaalamu.

Kwenye benchi la nyuma mtu akataja jina la mtaalamu, kwa kunong'ona, katika habari za deni. Mtaalamu akageuka kabla neno halijaisha.

Tukio hilo nalo lina mwaka wake. Mwaka 1959 Neville Moray aligundua kwamba takriban theluthi moja ya watu hulisikia jina lao hata likipitia sikio walilolipuuza. Kumbe ndani yupo anayesikiliza wakati bawabu kageuza mgongo! Anne Treisman akaja kueleza kwamba yasiyozingatiwa hupunguzwa nguvu, hayazuiwi. Kwa lugha ya kilabuni, mlango haufungwi, hurudishiwa tu.

Mtaalamu hakutikisika. Alikimbilia ngoma za kifalme, zile zinazopigwa Gishora karibu na mji wa Gitega, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi mwaka 2014. Inkiranya, ngoma ya katikati, huongoza; ibishikizo huifuata; amashakwe hushikilia mdundo mmoja usiobadilika. Mpigaji mzoefu wa amashakwe, alisema, hahesabu, mkono wenyewe unajua. Hapo alisema kweli, jambo lililomshangaza hata yeye. Akaonyesha kwa vidole mezani. Mdundo ulikwenda vizuri mpaka alipoanza kuvitazama vidole. Vikagongana, gilasi ikalala.

Mama mwenye kilabu alikuwa akiosha chupa muda wote, akiitikia salamu bila kuinua kichwa. Hotuba hakuifuata hata kidogo.

"Mzee," alisema, "chupa nne. Na zile mbili za Jumamosi."