Mwenye Kilima Hana Ruhusa

Mji wa Embu una Dallas yake. Si hoteli wala baa, ni mtaa mzima wenye vyumba vya mabati, vibanda vya chipsi na bodaboda zisizolala. Mwalimu mmoja aliyepanga huko kwa miaka alihamia Texas kumfuata mkewe, muuguzi kutoka Nkubu, na ndege ikamshusha Dallas. Mama yake, aliyebaki Runyenjes, amewaeleza wenzake wa chama kwamba mwanawe ametoka Dallas akaenda Dallas, na kwamba yeye haelewi nauli yote ile ilikuwa ya nini.

Habari za kwanza alizotuma nyumbani hazikuwa za theluji wala za majumba marefu. Zilikuwa za gari. Dallas ya Texas imejengwa kwa ajili ya mwenye gari. Mtu wa Runyenjes akikosa mkate huvuka barabara tu; huko ughaibuni, kuivuka barabara yenyewe kunataka gari. Hakuna matatu ya kupungia mkono, na bodaboda ni kitu cha kusimulia. Tena saa inakimbia: Mkenya anayehamia Texas ana siku 90 za kutumia leseni aliyokuja nayo, kisha anafanya mtihani upya kama mtoto wa shule. Mwalimu, aliyezoea kusimamia mitihani, hakuipenda habari hiyo hata kidogo.

Yeye alijifunza kuendesha kwa pikapu ya klachi. Kabla ya kupewa leseni alipitia ule mtihani ambao kila dereva wa Kenya anaukumbuka: ubao mezani, umechorwa mji mzima na mzunguko wake, na afisa anakupa kigari cha kuchezea ukionyeshe utakavyotoka hospitali hadi kituo cha mafuta bila kuvunja sheria. Siku hizi leseni ya Kenya ina hata daraja lake la gari dogo la otomatiki, B1. Mwalimu aliwahi kuwacheka wenye B1 waziwazi, katika chumba cha walimu, akisema kwamba hao ni abiria walioshika usukani.

Marekani haina neno la kumjibu, maana huko abiria walioshika usukani ndio taifa lenyewe. General Motors walianza kuuza gia ya Hydra-Matic katika Oldsmobile za mwaka 1940, na tangu hapo mguu wa kushoto wa Mmarekani ukapewa likizo ambayo haijaisha. Gari jipya la klachi siku hizi linatafutwa kama ndege adimu. Mwalimu hakuwa na la kuchagua.

Wakaenda kuangalia magari Jumapili, wakiwa bado na nguo za kanisa. Walikuta uwanja umejaa magari, na mtu hata mmoja hayupo. Mwalimu alidhani wenyewe wamepatwa na msiba. Kumbe ni sheria: Texas haimruhusu muuza magari kufungua Jumamosi na Jumapili zinazofuatana. Lazima achague moja, na wengi hufunga Jumapili. Ndiyo maana wajanja huenda siku hiyo. Unachungulia vioo, unapiga magurudumu teke, unainama kutafuta tone la oili chini ya injini, na hakuna mtu wa kukufuata nyuma akiuliza kama utalipa taslimu au kwa mkopo.

Kila dirisha lilikuwa na karatasi. Hiyo nayo ni amri, iliyoanza kufuatwa mwaka 1985: muuzaji wa gari kuukuu aandike kama anatoa dhamana au anauza gari lilivyo. Mwalimu alizisoma karatasi zile kama anayesahihisha insha, na hapo imani aliyotoka nayo Embu ikavunjika. Alikuwa ameambiwa kwamba Mmarekani hurudisha chochote ndani ya siku tatu. Sheria ya siku tatu ipo, lakini inawahusu zaidi wauzaji wanaokuja kukubishia hodi. Gari ulilolifuata mwenyewe uwanjani na kulitia sahihi ni lako, pamoja na giaboksi yake na dhambi zake zote. Kwa hivyo kulijaribu barabarani kabla ya kulipa si starehe. Ndiyo kinga yenyewe.

Siku mkewe alipopumzika zamu walirudi. Muuzaji, kijana mwenye meno meupe kupita kiasi, alipiga nakala ya leseni ya Kenya, akaitazama kwa heshima, akampa Mwalimu ufunguo. Mwalimu akaenda moja kwa moja mlango wa kulia, akaketi, akafunga mkanda, akanyoosha mikono mbele. Usukani haukuwapo.

“Mwalimu,” mkewe akasema kutoka kiti cha nyuma, “hapo ulipo ni kwa abiria. Si ndio uliokuwa ukiwacheka?”

Alipofika mahali pake aliwasha gari, akaishika gia, akaivuta. Ikakataa. Akaivuta kwa nguvu. Ikakataa tena. Macho yakamng'aa, maana alikuwa ameona ubovu kabla ya kutoka uwanjani, na ubovu ni punguzo. Akamgeukia muuzaji na kutaja kiasi alichotaka kipunguzwe. Yule kijana akamwomba tu akanyage breki. Magari ya Marekani yaliyotengenezwa tangu Septemba 2010 yanabanwa na sheria: gia ya otomatiki haitoki kwenye P mpaka breki ikanyagwe. Bei ikabaki palepale.

Kufuli hiyo ina historia yake. Mwaka 1986 televisheni ya Marekani ilionyesha Audi 5000 zilizodaiwa kuruka zenyewe na kugonga watu, na mauzo ya kampuni yakaporomoka. Serikali ilichunguza, na mwaka 1989 ikatoa ripoti: mara nyingi dereva alidhani anakanyaga breki, kumbe yuko kwenye mafuta. Kosa hilo ndilo kufuli inalolizuia. Wanaomcheka Mwalimu wakumbuke kwamba walimtangulia wengi, tena wazawa.

Barabarani alitaka kukunja kushoto, na waipa zikaanza kufagia kioo kikavu chini ya jua kali la Texas. Magari ya usukani wa kulia yanayotoka Japani, yaani karibu kila gari alilopanda Embu, yana kijiti cha taa za kukunja upande wa kulia wa usukani. Ya Marekani yana kijiti hicho kushoto. Hilo lilisameheka. Lisilosameheka ni taa nyekundu ya mbele. Mguu wa kushoto, uliofunzwa kwa miaka kushuka mpaka chini kila gari linapokaribia kusimama, ulishuka mpaka chini. Klachi haikuwapo. Kilichokuwapo ni kanyagio la breki, pana kama mwiko wa mukimo. Gari lilisimama kama lililogonga ukuta, na kahawa ya muuzaji ikahamia kwenye shati lake. Nyuma, mkewe alilitaja jina la Bwana kwa Kimeru.

Dawa ni rahisi na haipendezi: mguu wa kushoto ukunjwe nyuma chini ya kiti, na usitoke huko. Pia dereva wa klachi hushtuka kwamba otomatiki hutambaa yenyewe akiachia breki, bila kuguswa mafuta. Hilo si hitilafu. Injini na giaboksi ya kawaida ya otomatiki havijashikana chuma kwa chuma wakati gari linaanza kutembea. Kati yake kuna oili inayozungushwa na kusukuma. Gari lisilotambaa kabisa penye tambarare ndilo la kutiliwa shaka.

Na tambarare ndiyo iliyokuwa taabu. Muuzaji, hata kwa shati lile, alikuwa tayari waende popote: barabara kuu, mitaa ya ndani, maegesho. Ruhusa ilikuwa tele. Mwalimu akaomba kilima. Kijana akafikiri, akampeleka kwenye daraja linalopita juu ya barabara nyingine. Mtu aliyekulia mabonde ya Mlima Kenya akaonyeshwa daraja na kuambiwa hicho ndicho kilima! Walilipanda, wakalishuka, gari halikusema lolote. Lingesema nini?

Wakati huohuo mdogo wake, afisa wa mifugo anayefanya kazi Meru, alikuwa na mkopo wa sako mfukoni na jicho kwenye gari dogo la Japani katika yadi moja ya Makutano. Yeye alikuwa na vilima vyote duniani, ila hakuwa na ruhusa. Mwenye yadi humwashia mteja gari, humwacha asogee mbele hadi langoni, arudi nyuma hadi ukutani, basi. Bima haipo, husema. Na ukimwelewa utamhurumia kidogo: ushuru wa forodha wa magari kama hayo ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwezi Julai 2023, juu yake kuna ushuru wa bidhaa, juu yake tena VAT ya asilimia 16. Kikwaruzo kimoja kinakula faida.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kutuma. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu zaidi ya dola bilioni 4.9 zilizotumwa nyumbani na walio ng'ambo mwaka 2024. Ushauri hauhesabiwi, na Mwalimu alituma ushauri. Fika asubuhi, kabla hawajaliwasha. Gusa bonneti, na ikiwa na moto jua huenda kuna kitu kinafichwa, kwa kuwa baadhi ya kasoro za giaboksi hujitokeza ikiwa baridi. Kanyaga breki, toa P uende R, kisha D, na usikilize: ikichelewa kushika au ikipiga kishindo, jiulize. Kama ina kijiti cha kupimia oili ya gia, chomoa unuse; oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni giaboksi inayoomba kuzikwa. Kama ni CVT, ile ya mkanda wa chuma na puli mbili isiyobadilisha gia kwa hatua, uliza oili gani iliwekwa, maana ukiitia oili ya otomatiki ya kawaida unaiua.

Mjomba wa mkewe, aliyewahi kukimbiza miraa kwa Hilux kutoka Maua hadi Nairobi, alitia neno lake katika kundi la WhatsApp la familia. Miraa hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi, kwa hivyo dereva wake hana nafasi ya kungoja gari liamue gia lenyewe. Otomatiki, alisema, ni gari la watu wa muguka. Waembu katika kundi, wenye muguka yao, walijibu kwa pamoja, na suala la giaboksi likapotea kwa muda mrefu.

Mama alikuwa na swali lake. Gari likizima, linasukumwaje? Alipoambiwa kwamba otomatiki haiwashiki kwa kusukumwa hata vijana wote wa Runyenjes wakija, aliuliza majirani basi ni wa kazi gani. Akauliza pia kwa nini Mwalimu asinunue mawili huko, moja alete nyumbani. Ikabidi aelezwe kwamba Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na kwamba gari kuukuu linaloingizwa halitakiwi kuzidi miaka minane.

Kuna jambo moja ambalo Mwalimu hakulifanyia utani. Barabara ya Embu hadi Meru hushuka na kupanda kila inapokutana na mto: Thuci, kisha baada ya Chuka ni Nithi, kisha Mutonga. Kwenye daraja la Nithi, tarehe 24 Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na zaidi ya watu 30 wakafa. Anayeshuka huko kwa otomatiki akiiacha kwenye D atategemea breki peke yake, na breki zikipata moto hudhoofika. Gia ya kushukia ipo: L, au 2, au S, na kwenye haibridi huandikwa B. Wengi hununua gari, wakaliuza, bila kuzigusa herufi hizo. Mdogo wake aliagizwa azijaribu zote kabla ya kutoa hata shilingi.

Lakini azijaribie wapi, kati ya lango na ukuta? Aliomba, akasihi, akaahidi kulipia mafuta na bima ya muda. Mwenye yadi alikuwa ameshaanza kulainika Mwalimu alipopiga simu ya video kutoka Texas, akitaka aonyeshwe oili kwa macho yake. Mwenye yadi akaisogelea simu kumsalimia. Akaona jiko kubwa nyuma yake, na friji ya milango miwili.

“Huyo ni nani?”

“Kaka yangu. Yuko Marekani.”

Bei ikapanda shilingi elfu hamsini papo hapo. “Kaka,” mdogo wake akanong'ona, “tafadhali kata simu.”

Ila ruhusa nayo ikapatikana, maana ndugu wa mtu wa Marekani hanyimwi gari. Wakashika barabara ya Nkubu, mwenye yadi kando, fundi mmoja nyuma. Gari likawasalimu kwa Kijapani, sauti ya mwanamke mpole, na fundi akaitikia. Wakashuka kwa L na injini ikanguruma ilivyopaswa. Wakapanda bila gia kuteleza. Njiani waligeuza penye mwinuko, na hapo R ikachelewa kushika, ikashika kwa kishindo ambacho hata mwenye yadi alikisikia, ingawa alitazama nje ya dirisha. Elfu hamsini zikashuka, zikaburuta nyingine ishirini. Fundi akaahidi kubadilisha oili na kuangalia mpira unaoshikilia injini, ambao kwa maoni yake ndio uliogonga.

Jioni ya Meru, Dallas ikiwa bado mchana, Mwalimu alipokea picha ya gari mbele ya nyumba, na ujumbe chini yake: “Kaka, limepita mtihani. Ushauri tumeupata na tunashukuru. Sasa imebaki bima.”