Almasi ya Mjomba

Kwetu Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba akisema jiwe ni almasi, ni almasi mpaka atakapobadilisha mawazo mwenyewe. Wa kwangu alishuka stendi ya Msamvu, mjini Morogoro, akitokea Matombo, akafungua kitambaa juu ya meza ya chakula. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kinachong'aa, ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa amekilipia mbuzi wawili, eti bei ya kindugu.

Nikamwambia kwa adabu kwamba Matombo wanachimba rubi na spineli, mawe ya kwenye marumaru. Almasi zetu ni za Mwadui, Shinyanga, alikozigundua John Williamson mwaka 1940.

"Mungu hana mipaka ya mikoa," akajibu.

Akaanza vipimo. Almasi hukwaruza kioo, kwa hiyo akachora dirisha la sebuleni, kisha la chumbani, kisha kabati la mke wangu, halafu akaomba simu yangu. Ugumu wa almasi ni 10, wa kioo hauzidi sana 5. Lakini kwatzi, jiwe la bure kabisa, ina 7 na hukwaruza kioo vizuri tu. Hata chupa yenye ncha huchora chupa mwenzake. Mke wangu alinyamaza, na ukimya wake ninaujua.

Siku iliyofuata mjomba alikumbuka kwamba migodini walikuwa wakinasa almasi kwa grisi. Kweli, ila kule maji hupita juu yake yakisomba mawe mengine. Yeye alipaka mafuta ya kupikia kwenye sahani. Jiwe likanasa. Likanasa na harage moja lililokuwa jirani, lakini hilo hakulijadili.

Kikaja kipimo cha midomo: almasi hupitisha joto upesi, ukiigusisha mdomoni huwa ya baridi. Alikuwa ameibana vizuri, amefumba macho, mwanangu akaingia kutoka shule.

"Shikamoo babu!"

Mluguru wa umri wake hawezi kuacha shikamoo ya mtoto ikaning'inia hewani. Akaitikia marahaba, na jiwe likashuka nayo.

Yaliyofuata hayaandikiki. Niseme tu kwamba papai lilisaidia.

Jiwe lilipooshwa, likaoshwa tena, mjomba akaita nyundo. Hapa wengi hukosea: ugumu wa almasi ni wa kutokwaruzika, nyundo huipasua. Pigo moja, vipande vikatawanyika uani.

"Almasi nayo hupasuka!" akasema kwa ushindi, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Tatizo ni namna ya kupasuka. Almasi hupasuka kwa nyuso bapa zilizonyooka. Vipande vyetu vilikuwa na mikunjo ya mviringo ya chupa iliyovunjika. Tukavipeleka kwa fundi saa mtaani. Akavaa lensi yake, akaona ndani viputo vidogo vya hewa, mduara kamili.

"Chupa, mzee," akasema, wala hakutoza hela.

Ni lensi ya dakika moja, na mjini soko la madini lipo, lenye watu wa kuangalia jiwe kabla mbuzi hawajatoka zizini. Mjomba haendi. Sasa ameambiwa kuna tanzanaiti Kinole, ingawa jiwe hilo huchimbwa Mererani tu, mkoani Manyara. Ndugu zangu wa Kinole, mkimwona mzee mwenye koti la kaki na nyundo mfukoni, tafadhali mwuzieni ndizi.