Mashine Inaomba Maji

Ndani ya mashine ya kufulia nguo mna zege. Kwetu, wa kwanza kugundua hilo walikuwa vijana wa mkokoteni waliosukuma sanduku la yaya wangu, dada yangu mkubwa, kutoka stesheni ya Kindu. Njiani walisimama, wakafuta jasho, na mmoja akauliza kwa adabu: "Mama, umenunua mashine ao umenunua mawe?" Yaya akawaambia wasukume, maswali hayamo kwenye bei. Kumbe vijana walikuwa na haki. Wahandisi huweka pande la zege ndani kusudi ngoma inapozunguka kwa kasi, mashine isirukeruke. Basi zege letu lilivuka bahari, likapanda treni ya Lubumbashi, likaja kushushwa kwenye mji uliokaa juu ya mchanga wa mto Lualaba.

Mashine yenyewe ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nyeupe pee, na mlango wa kioo mbele. Shemeji, ambaye biashara zake ziko Lubumbashi, alikuwa ametuma ujumbe kwamba hii ni ya kisasa kabisa: inapima uzito wa nguo yenyewe, kisha inaamua yenyewe itumie maji kiasi gani. Yaya aliusoma ujumbe, akaurudia. "Kuamua maji ya hii nyumba," akasema, "ni kazi yangu."

Fundi aliyekuja kuifunga ni fundi wa pikipiki. Kindu pikipiki ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku wa dharura ndiyo gari la wagonjwa, kwa hiyo anayeijua pikipiki anahesabiwa kujua kila chenye mota. Nyuma ya mashine alikuta boliti nne ndefu. Hizo huwekwa kiwandani ili ngoma isigongwegongwe safarini, na lazima zitolewe kabla ya kuiwasha. Kitabu cha maelekezo kilisema hivyo kwa Kifaransa, kwa Kiarabu na kwa lugha nyingine ambazo hatukuzitambua. Fundi hakukigusa kitabu. Alichukua spana akazikaza boliti vizuri zaidi. "Kama kiwanda iliziweka," alisema, "miye ni nani nizitoe?"

Ilipofika kwenye kukamua, mashine ikaondoka. Ikatoka barazani kwa mtetemo mmoja wa kutisha, ikawatawanya kuku, ikafuata ukuta mpaka waya ulipokwisha, ikajichomoa na kunyamaza mbele ya mlango wa chumba cha mama yetu mzee. Mama akaamka, akafungua, akaitazama kutoka juu hadi chini. "Mbona hukupiga hodi?" akaiuliza.

Kutembea si neno. Boliti zilitolewa, ikatulia. Neno ni maji. Mashine hizi zimetengenezwa na watu wanaoamini kwamba nyuma ya kila ukuta kuna bomba, na ndani ya bomba kuna maji yenye nguvu. Sisi bomba tunalo, limesimama uani. Watoto wanalifungia mbuzi. Maji ya kweli yanatoka kwenye forage, kisima cha mtaa, yanakuja kichwani ndani ya bido za njano za lita 20. Mashine ikifungua koo na isipate kitu, inangoja kidogo, kisha inalia: pii, pii, pii. Ikagundulika kwamba ukimimina maji kwenye droo ya sabuni inaridhika na kuendelea, haiulizi yametoka wapi. Basi mtoto mmoja akapandishwa juu ya kiti na jagi, mwingine akashika bido, wa tatu akawekwa kusikiliza. "Inaomba maji!" anapiga kelele, na mtaa mzima unajua kwamba kwa yaya wanafua. Mashine ya kujiendesha yenyewe, na imeajiri ukoo.

Ugomvi ulianzia hapo. Mashine za zamani, zile za kujaziwa juu zenye mti katikati unaozungusha nguo, zilikunywa lita 150 na zaidi kwa mfuo mmoja. Hizi mpya za mlango wa mbele hazizamishi nguo. Ngoma imelala ubavu, inazipandisha nguo na kuzidondosha kwenye maji machache, tena na tena, na kazi inakwisha kwa lita 50 hivi. Kwa hesabu ya Kindu, hiyo ni tofauti ya bido saba na nusu na bido mbili na nusu. Watoto waliipenda teknolojia mpya kwa moyo wote. Sijaona watetezi wa mazingira wenye imani kama ile.

Yaya akakataa. Kwake kusuuza ni mpaka maji yawe meupe, na aliyelelewa kando ya Lualaba hajui habari ya kupima maji ya kusuuzia. Mashine ikamaliza, ikaimba wimbo wake wa ushindi, yaya akatoa shati, akakunja pembe ya shati, akaikamulia kwenye sahani nyeupe. Akatia vidole viwili, akavisugua taratibu, macho juu, akisikiliza utelezi. "Bado," akasema. Shati likaenda beseni, watoto wakaenda forage.

Nilijaribu kumtetea mhandisi. Nikamwambia kwamba Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, umeweka sheria: katika programu ya kupimia, mabaki ya sabuni baada ya kusuuza yasizidi gramu 5 kwa kila kilo ya nguo. Nilidhani sheria itamtuliza. "Gramu tano!" akasema. "Yaani wanaiacha kwa makusudi?"

Haki yote, hata hivyo, haikuwa upande wake. Sabuni aliyokuwa akitia ni ile ya unga ya kufulia kwa mikono, ambayo sifa yake ni povu. Kwenye mashine ya mlango wa mbele, povu jingi ni adui: nguo zinaangukia juu ya povu badala ya kupigwa, uchafu unakaa palepale, na mashine ikihisi povu limezidi inajiongezea kusuuza. Maana yake pii, pii, pii. Sabuni ya povu kidogo ipo duniani, lakini sokoni kwetu muuzaji alimtazama yaya kwa huruma. Nani atoe faranga zake kununua sabuni isiyotoa povu?

Umeme nao ni wa jenereta. Kupasha maji moto peke yake kunataka wati 2,000 hivi, na jenereta yetu ndogo ilizaliwa kwa ajili ya taa, simu na mpira wa Jumamosi. Yaya alipochagua nyuzi 60, ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Mlango wa mashine ukabaki umefungwa, kama sheria yake inavyotaka maji yakiwa ndani. Binti wa mwisho akasimama mbele ya kioo na kitabu mkononi, akiitazama sare yake ya bluu na nyeupe ikielea, na kengele ya shule ikilia kwa mbali.

Na madoa je? Kwenye maabara, mashine hupimwa kwa vitambaa vyenye madoa matano ya kawaida: damu, kakao, divai nyekundu, masizi yenye mafuta, na mafuta ya ngozi. Hayo ndiyo maisha ya watu wengine. Hakuna mawese. Mtoto aliyekula sombe ya mawese akiwa na shati la kanisani hayumo kwenye hesabu za kiwanda, na doa lake la rangi ya machungwa lilitoka kwenye maji baridi ya mashine likiwa limetulia, limepata tu harufu nzuri. Aliyelimaliza ni jua. Rangi ya mawese hufifia ikipigwa na mwanga, na yaya, ambaye hajawahi kuingia maabara, alilianika shati kwenye kamba hadi alasiri bila kulisemea neno.

Kisha mvua zikaanza, zile za Maniema ambazo haziombi ruhusa, jua likatoroka, na ubishi wote ukahama. Mikono ya mama inaweza kufua kuliko mashine na kusuuza kuliko mashine, lakini hakuna mikono inayozunguka mara 1,200 kwa dakika. Tena kukamua hakuhitaji bomba, hakuhitaji sabuni, na jenereta ndogo inakuweza. Jirani mmoja akaja na beseni la vikwembe vilivyokataa kukauka tangu Jumanne, vikatoka na unyevu kidogo tu. Kesho yake wakaja wengine. Yaya akapanga bei: beseni moja la kukamua, bido moja ya maji, iliyojaa, iletwe hadi mlangoni.

Watoto wetu sasa wanacheza. Shemeji anapiga simu kuuliza kama mashine inafua vizuri, na yaya anamjibu atume jenereta kubwa, foleni imefika barabarani.