Safu Tatu na Wari Moja

Katika jumla ya maneno ambayo mtu huyatamka kwa ulimi mwepesi na kuyajutia kwa kukosa usingizi, langu mimi lilikuwa "Ijumaa", nililolitamka mwaka 2006 nikiwa nimeketi barazani kwa mzee mmoja mwenye duka la leso na vikoi katika Mji wa Kale, Mombasa, kikombe cha kahawa chungu mkononi na kipande cha halua shavuni, hali ambayo kwa maoni yangu haimfai mtu kufunga mkataba wowote. Mzee alikuwa na wateja Maskati na Dubai, nao walikwisha mwambia kwamba duka lisilo na tovuti siku hizi ni duka lisilo na mlango. Basi akaniuliza, kwa upole wa mtu aulizaye bei ya nazi, kama kazi hiyo naiweza. Nikamjibu kwamba ukurasa mmoja wenye safu tatu si kazi bali ni mchezo, na kwamba Ijumaa baada ya sala angeuona. Sikumtajia ni Ijumaa ya mwezi gani, na uangalifu huo, ambao haukuwa uangalifu, ndio ulionisitiri baadaye.

Safu zenyewe zilikuwa hivi. Kushoto palikuwa na orodha ya bidhaa. Katikati palikuwa na makaribisho, ambayo mzee aliyaandika kwa mkono wake katika karatasi tatu za daftari, akaanza kwa bismillahi, akaeleza nasaba ya duka tangu kwa babu yake, akasimulia masika moja yaliyoingiza maji dukani, na leso ya kwanza asiitaje mpaka karatasi ya pili imekwisha. Kulia palikuwa na anwani, nambari ya simu na saa za kufungua: mistari minne, basi. Kushoto nikatia rangi ya zafarani, kulia rangi ya maji ya bahari, na kati nikaacha nyeupe kwa heshima ya babu. Nilipoufungua ukurasa mbele ya mwenyewe, safu ya kati ilishuka kama mnara wa msikiti, ya kushoto ikakomea kiunoni mwake, na ile ya kulia ikawa kiraka cha rangi kilichoning'inia juu pembeni, kama fulana ya mtoto iliyoanikwa kamba moja na kanzu ya babu yake.

"Huyu mbona mfupi?" akauliza mzee, akimnyoshea kidole yule wa kulia.

"Ana maneno machache, mzee."

"Mwanangu, hata mdogo wangu ni mtu wa maneno machache, na kanzu yake yafika miguuni."

Sikuwa na jawabu, maana maneno yake yalikuwa haki tupu. Msomaji ambaye hakujaaliwa balaa la kazi hii huenda akadhani kwamba kuyaambia masanduku matatu yalingane kimo ni jambo la amri moja. Mimi nami nilidhani hivyo. Walakini CSS, lugha ya kuzivika kurasa mavazi, ambayo Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994 na ambayo toleo lake la kwanza lilipitishwa rasmi Desemba 1996, ilikuwa na kila namna ya pambo isipokuwa hilo kwa njia iliyoeleweka na vivinjari vyote. Sanduku lilikuwa na kimo cha maneno yaliyomo ndani yake, si zaidi. Na kule kuyapanga masanduku ubavu kwa ubavu tulikupata kwa hila, kwa amri ya kuelea, ambayo asili yake ilikusudiwa picha ikae pembeni na maneno yaizunguke kama katika gazeti, nasi tukaitwika kazi ya nguzo za nyumba. Sanduku linaloelea halijui jirani yake amefika wapi, wala haliulizi. Nililiambia kila moja liwe asilimia 100 ya kimo cha mzazi wao. Lakini mzazi mwenyewe hakuwa na kimo ila kile ambacho angepewa na watoto wake, na asilimia 100 ya kitu kisichojulikana ni kitu kisichojulikana.

Kweli ni kwamba dawa ilikuwapo tangu zamani, nayo ni jedwali. Jedwali, liwe na ila nyingine zozote, lina murua: vyumba vya mstari mmoja hulingana kimo bila kuombwa. Lakini katika miaka ile maulamaa wa fani walikuwa wamekwisha toa fatwa kwamba jedwali ni la hesabu wala si la kupangia kurasa, na kwamba alitumiaye kwa mapambo yungali katika ujahili. Mimi nilikuwa muridi mpya, na hapana mkali kama muridi mpya. Niliona afadhali safu zangu ziwe vilema kuliko mimi nikutwe na jedwali.

Hila yangu ya kwanza ikawa kuzipa safu zote kimo cha pikseli 900. Zikalingana. Mzee akafurahi sana, na kwa furaha hiyo akaongeza aya mbili za kumsifu marehemu baba yake. Nyumbani kwangu nilikuwa natumia Firefox, kivinjari kilichotoa toleo lake la kwanza Novemba 2004, nacho kilikuwa kitiifu kama askari: sanduku likabaki pikseli 900 kama lilivyoamriwa, na marehemu akamwagika nje kwa chini, sifa zake zikaandikana juu ya maneno ya tamati hata yasisomeke haya wala yale. Nikaichukua kazi katika diski ya flashi mpaka mkahawa wa intaneti, ambako kompyuta zote zilikuwa na kile kivinjari kikongwe cha mwaka 2001 kilichotiwa ndani ya mashine tangu dukani, na ambacho watu wengi hawakujua kwamba kina wenziwe duniani. Hicho kiliona si adabu kumwaga marehemu wa watu. Kikalirefusha sanduku kinyume cha amri, mambo yakawa mazuri. Nikaketi pale, nalipa kwa dakika, natafakari vipi kosa la mmoja limekuwa na utu kuliko utiifu wa mwenziwe.

Utu huo haukudumu. Kikongwe yule alikuwa na tabia zake, na kila usiku nilijenga nyumbani nilichokwenda kukikuta kimebomoka asubuhi mkahawani. Sanduku linaloelea kushoto ukiliwekea mwanya wa pikseli 10 kutoka ukingoni, yeye hulipa 20. Na dawa yake ilikuwa kuandika kwamba sanduku hilo likae mstarini kama neno, amri ambayo kwa sanduku linaloelea haina maana hata kidogo, ila ukiiandika mwanya hurudi 10. Niliiandika kama mtu avaaye hirizi, haamini wala haivui. Mama akaniuliza mbona nazungumza peke yangu nikila.

Baya kupita yote lilikuwa jambo la pindo. Sanduku la CSS lina maneno yake, kisha nafasi ya kuyapumzisha maneno, kisha mpaka uliozunguka. Na kwa kanuni rasmi, ukitaja upana wa pikseli 200 umetaja upana wa maneno peke yake, kwa hiyo ukitia nafasi ya 15 na mpaka wa 1 kila upande, sanduku lote lafika 232. Kikongwe, kwa upande wake, alikuwa na mila mbili. Akikuta ukurasa umeanza kwa tangazo lake rasmi la aina ya waraka, hufuata kanuni. Akikuta tangazo limetanguliwa na mstari wa XML, hurejea katika mila ya wazee wake, ambako 200 ni jumla ya vyote. Mimi kwa ujuaji nilikuwa nimeutia mstari huo juu kabisa, mstari usionifaa kwa lolote, kwa sababu tu niliona wakubwa wa fani wakiutia. Hivyo safu zikawa nyembamba mkahawani na pana nyumbani, nikakonda siku nne nikitafuta sababu mahali pote isipokuwa mstari wa kwanza.

Siku ya tano nikaenda kumweleza mzee kwa nini Ijumaa ile nayo ingepita. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua wari yake, kijiti cha msaji kilicholika ncha kwa kupimia nguo za watu, mistari yake ya robo imefutika nusu kwa vidole, akaisimamisha juu ya kioo cha kompyuta, akafumba jicho moja, akasoma: "Huyu wa kulia amepungukiwa shubiri na nyanda mbili." Halafu akaivuta leso moja rafuni, akaitandaza mezani, akanipa wari.

"Upana wake gani?"

Nikapima, nikamtajia.

"Umepima na pindo?"

"Na pindo, mzee."

"Umepata kumwona mtu duniani apimaye leso bila pindo?"

Nikanyamaza. Miaka baadaye ikaenea amri ya CSS iitwayo box-sizing, ambayo humruhusu fundi kupima sanduku pamoja na pindo lake, na leo mafundi wengi huiandika mwanzo kabisa wa kazi kabla hawajaandika lolote. Lakini siku ile sikuwa na la kujibu isipokuwa kwamba kanuni ni kanuni, jawabu ambalo nimeliona likitolewa na makarani wengi, na sasa nafahamu walivyokuwa wakijisikia.

Nikarudi na hila nyingine, iliyokuwa na sifa kubwa kwa wajuzi wakati ule. Unalitia kila sanduku nafasi ya pikseli 32767 upande wa chini, kisha unatoa pikseli 32767 kwa mwanya wa kinyume, kisha unamwambia mzazi wao akate chochote kizidicho. Nambari hiyo si ya ramli: ndiyo kubwa kabisa iwezayo kukaa katika hesabu ya biti 16 yenye alama ya kutoa na kujumlisha. Kwa vipimo vya CSS ni zaidi ya mita 8 na nusu, yaani takriban dhiraa 19; ikawa ni kama kuwashonea ndugu watatu kanzu za dhiraa 19 kila mmoja, kisha kuagiza zikatwe zote penye nyayo za mrefu wao. Zikalingana nyumbani, zikalingana na mkahawani. Nikalala usingizi wa mtoto.

Usingizi huo aliukata mteja wa Maskati. Juu ya ukurasa nilikuwa nimetia kiungo cha kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye bei za vikoi. Naye alipokibonyeza, kivinjari kilitii kwa kuyasukuma yote juu ndani ya yule mzazi mkataji, na kilichopanda juu kikakatwa kama kilivyokatwa cha chini, wala pasiwe na njia ya kukirudisha. Mzee akanipigia simu kabla ya adhuhuri. "Mteja asema makaribisho yangu yaanza kwa mafuriko," akasema, kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko ukali. "Babu yuko wapi? Bismillahi iko wapi?"

Hapo ndipo niliposalimu amri kwa picha. Mwaka 2004, mwezi wa Januari, Dan Cederholm alikuwa ameeleza katika jarida la A List Apart namna ya kulimaliza jambo hili bila ya kulitatua: unachora ukanda wa picha wenye upana wa ukurasa na kimo cha pikseli chache tu, mistari ya rangi za safu imo ndani yake, kisha unauamuru ukanda huo ujirudie kwenda chini nyuma ya safu zote. Safu hazilingani. Yule wa kulia angali mfupi vilevile na mistari yake minne, ila amesimamishwa mbele ya ukuta uliopakwa rangi mpaka sakafuni, na mtazamaji huuona ukuta akadhani ni mtu. Nilikuwa nikiijua hila hii tangu mwanzo na nikiidharau, kwa kuwa niliiona ni kazi ya mpaka chokaa. Nikachora ukanda wa pikseli 760 kwa 10. Uzito wake ulikuwa mdogo hata kwa laini za simu za wakati ule, kabla nyaya za intaneti za baharini hazijafika Mombasa mwaka 2009. Ilinichukua muda wa kunywa chai.

Mzee akaleta wari. Akapima kushoto, akapima kati, akapima kulia. Akapima tena kulia. "Sawasawa," akasema, akatia mkono katika sanduku la fedha.

Nami kwa udhaifu wa nafsi nikaungama. "Mzee, hazikulingana. Nimepaka rangi nyuma yake, zaonekana tu kuwa sawa."

Akanitazama kwa huruma. "Na hizi leso," akasema, "ni nani aliyekwambia kwamba maua yake yamefumwa? Yamepigwa chapa." Akanihesabia ujira wangu mpaka senti ya mwisho, akaniongezea kikoi.

Miaka ikapita. Ikaja flexbox, namna mpya ya CSS ya kupanga masanduku, ambamo yaliyomo hujinyosha kwa kimo kimoja kwa tabia yake, pasipo kuombwa. Kisha Machi 2017 vivinjari vya Firefox na Chrome vikaanza kutambua gridi ya CSS, na kazi ile iliyonikondesha ikawa mistari mitatu. Siku moja nikampitia mzee, nikaujenga upya ukurasa wake palepale barazani, adhuhuri kwa alasiri, bila ya ukanda, bila ya hirizi, bila ya dhiraa 19. Nikamgeuzia kompyuta aone. Hakuiangalia. Aliitoa simu katika mfuko wa kanzu, akaufungua ukurasa humo, akaupandisha na kuushusha kwa kidole gumba muda mrefu.

"Safu tatu zi wapi?"

"Simu ni nyembamba, mzee. Humo zimekaa moja chini ya mwenziwe."

"Na kimo?"

"Katika simu hakuna tena habari ya kimo."

Akailaza simu mezani, akainama kuitafuta wari chini ya marobota, akaiweka ubavuni mwake, akafumba jicho. Simu haikufika hata robo.

"Basi Ijumaa," akasema, "uniletee zikiwa zimesimama."