Muulize Somo: Mbwa Naye Kaomba Likizo

Kwa wageni wa safu hii: mimi ndiye Somo. Nimefunda wari kuanzia Pangani mpaka Moa, na hakuna aliyerudishwa kwao kwa kosa ambalo nilikuwa nimeshamkanya. Wiki iliyopita niliomba barua za ndoa, zikamiminika za mbwa. Mhariri akataka kumpelekea yule mnajimu wa ukurasa wa pili. Nikamuuliza, baba, mtu anayetangaza kwamba wenye nyota ya Mizani watapata pesa Jumanne, anajua nini kuhusu safari? Lete hapa.

*Somo, shikamoo. Desemba tunakwenda Lushoto na gari letu, na mbwa wetu Bosi hutapika hata kabla hatujafika Kibaha. Tumwache kwa jirani? – Mama Bosi, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Lushoto umechagua vyema, na ukifika waambie umetumwa na mimi. Pale Soni, kwenye maporomoko, watu wa bwana harusi waliwahi kunishusha garini wakitaka niwape japo ubeti mmoja. Niliwapa. Wazee wa Kisambaa waliokuwa wakipita na mizigo ya kabichi waliitua chini, na kabichi haituliwi hovyo kwenye mteremko ule. Ila kabla ya Soni kuna zile kona za kupanda kutoka Mombo, na hapo, mama, hata mimi hunyamaza.

Bosi hajafundwa, ndiyo maana. Mweke ndani. Siku ya kwanza mpandishe garini, gari limezimwa, mpe kipande cha nyama, ateremke. Siku ya pili vivyo hivyo, ila injini inawaka. Kisha mpeleke mpaka dukani na kurudi, halafu mpaka kwa shoga yako wa mtaa wa tatu, hadi akubali kwamba gari si njia ya kwenda kuchomwa sindano tu. Siku yenyewe ya safari asile kitu kwa muda wa saa tatu nne kabla ya kuondoka, maji apewe. Kama bado mdogo, usimlaumu sana, watoto wa mbwa hutapika zaidi na wengi huacha wakikua. Mvishe kanga ya kisutu, kwa kuwa mwari hasafiri mtupu. Udi usimfukize: pua yake ni kali kuliko ya wifi yako.

Muziki nao una kazi yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Uskochi, waliwapigia mbwa nyimbo za aina kadhaa, wakaona rege na roki laini ndizo zinazowatuliza zaidi. Taarabu hawakuijaribu. Nimeshawasamehe. Wewe weka taarabu ya zamani, ile ya fidla na kanuni, na ukikosa kaseti nipigie simu nimwimbie mwenyewe.

Mkisimama Mombo kula, nakuomba kwa jina la waliokulea: Bosi asibaki garini. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama wewe. Hupoa kwa kuhema na ulimi nje, na hewa anayohema ikishakuwa moto, basi tena. Gari lililofungwa juani hugeuka tanuri katika muda ambao muuza chipsi bado anatafuta chumvi, na kushusha kioo vidole viwili hakusaidii chochote. Kuleni kwa zamu. Mume aanze, maana njaa yake ina kelele.

Tena umwangalie kila mkipanda na kushuka. Livingstone, mnayemsoma shuleni, alianza safari yake ya mwisho kutoka Mikindani mwaka 1866 akiwa na kijibwa chake Chitane. Kijibwa kile kilijifanya mkubwa wa msafara, kinakimbia mbele kumwona wa kwanza, kinarudi nyuma kumwona wa mwisho. Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka bwawa la maji ya kiunoni na zaidi, mzee akasahau kutoa amri kwamba kibebwe. Kiliogelea katikati ya watu mpaka kikazama. Mtu amevuka nusu ya Afrika, ana watumishi wake Susi na Chuma, ana dira, lakini hana Somo. Ningekuwapo mimi, Chitane angevuka mgongoni mwa mtu, na bwawa lile leo lingekuwa na jina langu.

Kwa jirani usimwache, jirani mwenyewe Desemba anakwenda Moshi. Ila kabla ya yote mpeleke kwa daktari wa mifugo, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isomeke vizuri, maana Lushoto kuna mbwa wa watu na hamjui nani kachanjwa. Na mtu wa familia aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kile kikishaonyesha dalili kwa binadamu, hata mimi sina wimbo.

*Somo, naweza kumpeleka mbwa wangu Mikumi akawaone simba? – Mpenda Wanyama, Morogoro*

Huwezi. Hifadhi za taifa haziruhusu mbwa wa nyumbani, na usidhani ni maringo ya walinzi. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti, ukaua simba kama elfu moja, karibu theluthi ya simba wote wa kule. Ulitoka kwa mbwa wa vijijini, mbwa wa kawaida tu wa kufukuza nyani shambani. Wewe unaogopa simba amle mbwa, na simba naye ana yake ya kuogopa.

Na kama unakwenda Iringa tu, barabara kuu inakatiza Mikumi kwa kilomita kama 50. Pita taratibu, vioo juu, usisimame kupiga picha. Mbung'o wakiingia garini wana nagana, na mbwa huumwa vibaya nayo. Homa inampanda, na macho yanaweza kufanya ukungu wa buluu. Mimi mbung'o hanigusi. Anajua.

*Somo, naishi Hamburg na mume wangu Mjerumani. Agosti tunakuja Tanga na mbwa wetu. Mama kasema mbwa haingii ndani. – Binti wa Chumbageni*

Mwanangu, mama yako hakukosea, na usimletee Ujerumani nyumbani kwake. Sisi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii: chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama ana msala wake na swala tano. Ataosha mangapi kwa mwezi mzima? Mbwa alale uani chini ya mwembe, awe na bakuli lake lisilochanganywa na vyombo vya jikoni, na mumeo ndiye amtembeze Raskazoni alfajiri. Kusi linavuma mwezi huo, watafurahi wote wawili.

Kuja ni rahisi, kurudi ndiko kwenye kazi. Mimi nilipoitwa Muskati kumfunda mwari wa watu wakubwa (majina sitaji, ila dhahabu niliyopewa ninayo), uwanjani waliniuliza jina tu. Mbwa wako anaulizwa damu. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo anatakiwa awe na chipu ya tarakimu 15 chini ya ngozi, ndipo achanjwe, kisha zisipungue siku 30 atolewe damu, ipimwe kwenye maabara waliyoikubali wao, kinga isishuke chini ya 0.5. Vyote vimalizwe hukohuko Hamburg na kuandikwa kwenye pasipoti yake ya buluu kabla hamjapanda ndege. Damu ikichukuliwa Tanga, atangoja miezi mitatu ndipo aruhusiwe kuingia Ulaya, na mama yako atakuwa amemwita mwanawe. Pasipoti ya buluu! Yangu ilichukua

Haya, naambiwa tangazo la magodoro limekula nusu ya nafasi yangu, na la mnajimu halikuguswa. Upesi basi: kama ana pua bapa, uliza kwanza, mashirika mengi ya ndege hayamchukui, maana hupumua kwa taabu. Dawa ya usingizi usimpe. Aliyeuliza kuhusu paka wake na boti ya Unguja asubiri Jumamosi ijayo, nina harusi Makorora na gari limeshapiga honi.