Kuruta wa Kilwa Road

Jamani, hivi nani aliamua kwamba polisi lazima ajue kukimbia? Mimi nimezaliwa mjini hapa, nimekulia hapa. Trafiki ninaowaona wamesimama. Wa mapokezi kituoni amekaa. Wa benki kaegemea ukuta na bunduki yake. Kazi zote hizo naziweza. Kusimama naweza, kukaa ndo usiseme, kuegemea nina kipaji. Lakini ukienda kwenye usaili wanakwambia kimbia. Unamkimbiza nani, hawasemi.

Mchawi wa yote haya ni bi mkubwa. Ile Septemba 2025, Alphonce Simbu alipobeba dhahabu ya marathoni kule Tokyo, mashindano ya dunia, tulikuwa tunaangalia marudio kwenye simu yangu, kwa bando langu. Kilomita 42 na ushee, halafu anakuja kumzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03. Mimi nashangilia. Bi mkubwa kanyamaza. Mwisho akauliza, "Huyu anafanya kazi gani?" Nikamwambia ni mwanajeshi, JWTZ. Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akafika kwenye kitambi, akaishia hapo hapo. "Na wewe polisi wakitangaza unaomba." Halikuwa swali.

Basi wakatangaza, mimi huyo na masharti. Uwe Mtanzania wa kuzaliwa. Nipo. Uwe na cheti cha kidato cha nne. Ninacho, hiyo divisheni tusiijadili hadharani. Sisi wa kidato cha nne umri uwe miaka 18 hadi 25. Nipo, ila mlango unafungwa nauona. Usiwe umeoa. Usiwe na mtoto. Hapo walinikuta nyumbani kabisa. Usiwe na tatuu. Sina, niliwahi kuitamani moja ya simba, hela ikagoma. Yani sifa zote ninazo kwa sababu ya kukosa hela. Sidhani kama kuna kijana Temeke nzima kafuzu kwa ufukara kunizidi.

Halafu nikafika kwenye urefu. Mwanaume asipungue futi 5 na inchi 8. Mwanamke 5 na inchi 4.

Nikaenda kwa fundi cherehani wetu hapo Mtoni kwa Azizi Ally, jioni baada ya kazi. Akanisimamisha mlangoni, akapitisha futi yake ya kushonea suruali, akaguna. Futi 5 inchi 7 na nusu. Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Nikajivuta shingo. Akasema, "Kisigino hicho, dogo, kishushe." Wateja wawili wanasubiri magauni yao, wameacha hata kuangalia simu. Mmoja akasema bora nijaribu ukondakta.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja mtaani kwetu, kapita JKT, tunamwita Afande ingawa anauza matairi. Akanielimisha. Kumbe katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini. Mchana kutwa unavikandamiza kwa kukaa na kusimama, vinasinyaa. Usiku ukilala vinavuta maji, vinajaa tena. Kwa hiyo asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Kesho yake nikamgongea fundi hata mswaki hajapiga. Futi 5 inchi 8, kamili, kwa huruma ya Mungu. Yani mimi asubuhi ni afande mtarajiwa, ikifika magharibi ni raia wa kawaida. Naomba wanaopanga ratiba za usaili walijue hilo.

Ikabaki sasa kukimbia. Mimi ni wakala wa miamala ya simu. Nakaa chini ya mwavuli kutoka asubuhi mpaka taa za barabarani ziwake. Zoezi langu kubwa ni kugeuka kutafuta chenji. Kulia kwangu kuna jamaa wa chipsi mayai, kushoto kuna mama wa maandazi. Mwili huu sikuujenga peke yangu, tumechangishana.

Nikaanza alfajiri, saa kumi na moja, nikijua watu wamelala. Mjini hapa hakuna anayelala. Nimevaa kaptula, singlendi, raba za mitumba za Karume zinazobana kidole gumba. Simu nimeishika mkononi ili inihesabie dakika. Hebu jiweke kijiweni kwa bodaboda. Giza. Mtu anakuja mbio. Hana begi, ana simu mkononi. Wewe ungefikiria mazoezi?

"Oya! Ya nani hiyo?"

Ningejibu, ila pumzi ilishaisha tangu kwenye kona. Nikanyanyua mikono. Pikipiki mbili zikawashwa. Mmoja akaniambia kama simu ni yangu niifungue. Vidole vimelowa jasho, namba ya siri inakataa. Nikakosea tena. Wakaangaliana. Mwanangu, pale niliona maisha yangu yote yakipita, na mengi nilikuwa nimekaa.

Mama wa vitumbua akainuka kwenye jiko lake, akanimulika na tochi ya simu usoni. "Huyu si yule wakala wa pale kwenye mwavuli? Mwacheni. Huyo aibe wapi, kukimbia kwenyewe hawezi. Nimemwona anavyokuja toka kule."

Ndo utetezi niliopata. Wakanicheka, wakaniachia. Nikanunua vitumbua vya mama kwa shukrani. Nikavila pale pale nimesimama, mazoezi ya siku yakaishia hapo. Lakini niulize kitu: mtu anataka kuwa polisi, siku ya kwanza tu anatuhumiwa wizi na kuachiwa kwa kukosa uwezo. Hii imekaaje?

Afande akasema kosa langu ni kukimbia peke yangu. Huku kwetu mtu mmoja akikimbia ni mwizi, wakikimbia hamsini ni jogging. Temeke hii jogging ni kama dini, kila mtaa una klabu yake, Jumamosi alfajiri barabara inajaa tisheti za rangi moja. Nikajiunga. Hela ya tisheti nikalipa, saizi yangu wakasema imeisha, nikapewa inayonishika tumboni.

Hakuna aliyeniambia kwamba kule watu wanaimba. Kiongozi anaanzisha, nyie mnaitikia, mguu na wimbo vinakwenda pamoja. Kukimbia peke yake kwangu ni kazi ya watu wawili. Nikawa nachezesha mdomo tu, sauti haitoki. Tukaikamata Kilwa Road, wao wakaenda, mimi nikabaki na mwendokasi zikinipita. Kichomi hicho ubavuni. Ugoko unawaka moto. Mama mmoja, rika la bi mkubwa kabisa, kajifunga khanga kiunoni, akageuza kutoka mbele, akarudi mpaka nilipo. Hata jasho hana.

"Vipi baba, uko salama?"

Nikataka kumweleza hali halisi. Kilichotoka ni, "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, kimbia."

Akaondoka. Akarudi tena baadaye. Yani yule mama siku ile alikimbia njia yake na yangu. Mimi hesabu yangu ilikuwa moja tu: nikaze mpaka Kurasini. Pale kuna Hospitali ya Polisi. Kama ni kuzimia nizimie pale, angalau niwe nimeingia kwenye jeshi kwa mlango wa wagonjwa.

Sikufika.

Afande kanibadilishia programu. Anasema anayeanza kutoka sifuri asikimbie moja kwa moja, atachana misuli bure. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia, wiki zikienda unaongeza za kukimbia unapunguza za kutembea. Na mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea na mtu bila kukatika pumzi. Nikamwambia Afande, mimi hata nikikaa nikiongea na mteja mbishi pumzi inakata. Akaniita kuruta, akaniamuru nipige pushapu. Mbele ya mwavuli wangu. Foleni ya wateja inaangalia. Mmoja akaniwekea na buku mgongoni, akasema hiyo ya kutoa baadaye.

Kusema kweli kile kipengele cha kutembea nakiweza sana. Naongoza. Cha kukimbia tunaendelea kujadiliana na magoti.

Mtaani sasa kila mtu kocha. Wa chipsi anasema nile ugali tu, ila haachi kuniletea sahani. Jirani anasema maji ya limao asubuhi. Mwingine kasema niache wali, nikamuuliza wewe umeacha, akakasirika. Mangi wa dukani ndo kabisa. Yeye kwao Moshi, akisikia chuo cha polisi, CCP, kiko huko huko anashika kichwa. Anasema sisi watu wa Dar baridi ya kule hatuijui, tutaamshwa alfajiri ukungu umeshuka, tukimbizwe na mwezi Julai huo. Nikamwambia Mangi, usinitishe, kwanza hawajaniita. Akasema ndo maana ananionya mapema. Halafu akanikumbusha deni la sukari.

Bi mkubwa yeye kashaanza kuwaambia watu kwenye kikoba kwamba mwanawe anaingia polisi. Kuna mmoja kashaleta kesi ya mpangaji.

Kwa hiyo ndugu msomaji, natafuta mtu wa kukimbia naye. Masharti ni machache. Awe mzito kunizidi. Asiwe anaimba. Asiwe na haraka. Tunaanzia dukani kwa Mangi saa kumi na moja alfajiri, aje na maji yake, na simu aiache nyumbani.